Mama wa Plasta na Wanaume Waliotolewa Nje

Mkishika plasta mara ya kwanza, vijana wangu, mtaikosea. Najua. Mtaweka unga kwenye karai, halafu mtamwaga maji juu yake, na mtapata madonge matupu. Hata ugali hausongwi hivyo, sembuse plasta. Maji kwanza. Kisha unga unaunyunyiza kwa vidole, polepole, mpaka uone vijilima vyake vimeanza kusimama juu ya maji, ndipo unakoroga, tena taratibu ili usiingize hewa. Chumvi kidogo ukitaka ishike upesi. Siki kidogo ukitaka ikungoje. Haya hamkufundishwa chuoni, kwa sababu siku hizi chuoni mnafundishwa kubonyeza kompyuta.

Mimi nilikuwa mtu wa maabara katika shule ya wasichana karibu na Merigi, huko Bomet, miaka ya tisini. Sikuwa mwalimu. Nilikuwa yule anayeosha chupa, anayejua ni bomba gani linavuja, na anayefukuza panya kwenye stoo kabla hawajala vielelezo vya mtihani. Kwetu ni upande wa ziwani. Baba yangu alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha chai Kericho, nami nikabaki. Wasichana waliniita Bwana Maabara. Wazee wa Kipsigis, wenyeji wa huku, waliniita Pwana Maapara, na sikuwacheka hata siku moja, maana mimi mwenyewe mpaka leo nikisema "shauri" watu husikia "sauri". Tulielewana vizuri tu.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii. Wenzangu watawaambia habari za asidi na moto. Mimi nina mnyama mmoja wa baharini, na nitawaeleza jinsi nusura achomwe kwa mafuta ya taa nikiona kwa macho yangu, na kazi yangu ichomwe pamoja naye. Lakini kwanza mmjue mwenyewe.

Alikuwa ukutani katika klabu ya mashamba makubwa kule Kericho. Meneja mmoja mzungu alikuwa anastaafu, akasema kuna kitu hawezi kukibeba, shule inayokitaka ije. Hakuwa mnyama wa kweli. Alikuwa nakala ya plasta, ndefu kuliko kitanda, iliyotolewa kwenye jiwe la huko Ulaya, mahali ambapo zamani sana, kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa, palikuwa bahari. Dereva wa lori la majani ya chai alitufanyia hisani. Alimlaza juu ya majani mabichi, akasema majani ni godoro. Godoro gani! Barabara wakati ule ilikuwa mashimo na matope. Tulipofungua lori, godoro lilikuwepo, mnyama alikuwa vipande.

Madam Chebet, mwalimu wetu wa bayolojia, alisimama pale na mkono kiunoni. Nilidhani atalia. Akasema, "Sawa tu. Hata wenye kuwachimba huwapata hivi hivi."

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kila ninachojua kuhusu mifupa. Alikuwa mtu wa Chebunyo, amekulia nyuma ya ng'ombe, na alikuwa na msemo wake mmoja ambao aliurudia mpaka wasichana wakamwigiza bwenini: "Usiseme mfupa umesema kitu ambacho haujasema." Ukimletea maelezo matamu, anakuuliza, "Mfupa umekwambia, au umejiambia mwenyewe?" Basi unarudi kuangalia tena.

Tulianza kumuunga mwezi wa mvua. Hilo lilikuwa kosa. Ninyi mnaijua mvua ya huku, inakuja kila alasiri kama mtu wa zamu. Plasta haikauki. Nilivibeba vipande hadi jikoni, nikavipanga ukutani nyuma ya masufuria makubwa, na mpishi akaapa kwamba siku atakayokuta ubavu ndani ya githeri yake ya mahindi na maharagwe, mmoja wetu atahama. Lakini alivichunga. Kuna asubuhi nilimkuta akigeuza kipande kimoja kwa mwiko ili upande wa pili nao upate joto, na aliponiona akajifanya anakoroga uji.

Shikeni na hili: kabla ya kuunga kipande kikavu, lowesha kingo zake. Plasta kavu ina kiu. Usipoinywesha itakunywa maji ya ile mpya, na kiungo kitapukutika. Na rangi msinunue dukani. Sisi tulichemsha majani ya chai, yale ya vumbi, mpaka yakawa meusi tititi, tukapaka kwa brashi mara kwa mara. Alama zote za kuungwa zikapotea, na mnyama akapata rangi ya jiwe kuukuu. Mpaka leo nikisikia harufu ya chai iliyochemka kupita kiasi, naiona ile meza, naona sweta za kijani za wasichana, nasikia mvua kwenye mabati. Jamani, zilikuwa siku nzuri!

Sasa niwaambie habari ya mkia. Mkia wa huyu mnyama ulikuwa umepindika kwenda chini, karibu na mwisho. Nikasema moyoni, hili ni lori. Nikachukua msumeno, nikakata, nikanyoosha, nikaunga. Kazi safi kabisa. Nikaenda kunywa chai nikijipongeza. Madam Chebet aliporudi kutoka darasani aliangalia, akauzunguka ule mkia mara mbili.

"Bwana Maabara, nani amenyoosha huyu mnyama?"

"Ni mimi, Madam. Mkia ulikuwa umevunjika."

Akaketi kwenye stuli akacheka mpaka akatoa leso. Kumbe hata wataalamu wa kwanza waliomchimba mnyama huyu walifikiri hivyo hivyo, kwamba mkia umevunjika baada ya kufa. Halafu wakapatikana wengine kwenye mawe laini, ambao umbo la ngozi lilibaki limechorwa jeusi kuzunguka mifupa, ndipo watu wakaona: mfupa uliingia kwenye pezi la chini la mkia, na pezi la juu lilikuwa nyama tupu. Kupinda ndiko kulikuwa sawa.

"Kwa hivyo umekosea pamoja na watu wakubwa," akaniambia. "Sasa shika msumeno ukate tena."

Nikakata tena. Sipendi kuwadanganya, iliniuma.

Jina lake ni ikthiosauri, maana yake mjusi-samaki. Ukimtazama haraka unasema ni samaki, tena mimi mtu wa ziwani ndio nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mdomo mrefu, meno mengi, mapezi. Madam Chebet akanishika kidole akakiweka kwenye pezi. "Hesabu mifupa hii." Ndani ya pezi kulikuwa na vijifupa vya vidole, vimepangwa vimebanana. Samaki gani ana vidole? Akanionyesha pua, iko juu karibu na jicho. Na mahali pa mashavu ya samaki, yale ya kupumulia majini, pale ambapo mimi mla samaki najua pa kufungulia, hapakuwa na kitu. Huyu alipumua hewa. Alikuwa jamaa wa mijusi, ambaye wazee wake walitembea nchi kavu wakarudi majini. Msichana mmoja akauliza kwa nini warudi majini na walikuwa wameshatoka. Madam akasema hajui, labda chakula kilikuwa huko. Mimi nikasema labda walichoka na matope ya Merigi. Nikafukuzwa kwenye kipindi.

Jicho lake lilikuwa kubwa ajabu, na ndani yake kulikuwa na pete ya vipande vya mifupa, vimepangwa kuzunguka. Jicho kubwa namna hiyo si la urembo. Ni la kutafuta chakula mahali penye mwanga mdogo, chini sana. Na tumboni mwa wenzake wamekuta vijindoano vya viumbe laini kama pweza, maelfu, vimekwama bila kusagika. Chakula cha mwisho kabisa. Kulikuwa na jamaa yake mwingine kwenye kitabu cha Madam, plesiosauri, mwenye shingo ndefu, ambaye hukutwa na mawe laini tumboni. Wasichana wakacheka sana: mnyama mkubwa hivyo ana akili ya kuku! Lakini ndiyo ilikuwa njia ya kueleza. Kila mmoja wao alikuwa amepasua firigisi nyumbani akakuta changarawe. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kufundisha ni kutafuta kuku wa mtu.

Basi kulikuwa na kipande ambacho hatukukielewa. Uti wa mgongo mdogo, mbavu ndogo, na kichwa kidogo chenye jicho lake kubwa. Kwa akili yangu nikasema ni chakula, nikakipeleka mdomoni nikakijaribisha. Hakikuingia. Aliyepata mahali pake ni Chepkirui, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa na mikono mizuri kuliko mimi. Alikizungusha, akakishusha, kikakaa sawasawa nyuma, karibu na nyonga za mkubwa. Kichwa ndani, mkia nje.

"Si chakula," Madam Chebet akasema polepole. "Chakula kingekuwa tumboni, na asidi ingekiharibu. Angalia, huyu ni mzima, hakuna jino lililomgusa. Huyu ni mtoto. Anazaliwa."

Mjusi anataga, si ndiyo? Lakini huyu asingeweza kupanda ufukweni kutaga, hana miguu, na yai majini lingezama na kuoza. Basi alibeba watoto tumboni akawazaa kama ng'ombe. Hayo yote yalisemwa na mifupa ile midogo niliyotaka kuiweka mdomoni.

Chepkirui akauliza, "Lakini Madam, amekuja kinyume. Ndicho kilichomuua?"

Madam Chebet alimtazama kabla ya kumjibu, kwa sababu alijua anakotoka. Chepkirui alikuwa analelewa na nyanyake, Kogo Rael, upande wa Sigor. Kogo ndio nyanya kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa mkunga, amepokea watoto wa eneo zima. Mama yake Chepkirui, yaani binti ya Kogo Rael mwenyewe, alishikwa na uchungu wa mtoto wa pili nyumbani. Mtoto alitanguliza miguu. Wakafa wote wawili, mikononi mwa Kogo. Tangu hapo Kogo hakupokea mtoto wa mtu tena, na kulikuwa na wanawake wa Sigor waliosema wazi ni mikono yake ndiyo ilikosea. Chepkirui alinieleza haya siku nyingine akisugua plasta na msasa, bila kuinua uso.

"Hapana," Madam akamjibu. "Kwa mnyama huyu hiyo ndiyo njia sahihi." Akatueleza sababu, na nitaifikia.

Tulipomaliza, tulimweka ukutani maabarani. Nilikuwa najivuna, acha tu. Watu wa shule nyingine walikuja kumwona. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu miaka ile kulikuwa na uvumi kila mahali kwamba mashule yameingiliwa na waabudu shetani. Ukivaa pete ya ajabu, shetani. Msichana akizimia gwarideni, shetani. Basi wasichana wa kidato cha kwanza wakaanza kulia bwenini kwamba wameota mnyama mwenye jicho kubwa, mmoja akianza wote wanafuata. Habari zikafika makanisani, na zilipofika Sigor mnyama wangu alikuwa na pembe.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Mzee Koske. Nisimseme vibaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa chai mwenye bidii, na alikuwa na mabinti wawili pale shuleni. Aliogopa kama mzazi yeyote. Alimwandama mwalimu mkuu mpaka ukaitishwa mkutano wa wazazi maabarani kwenyewe, waone hilo joka waamue. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Madam Chebet yuko likizo ya uzazi," akaniambia. "Utawaeleza wewe. Wakikubali, sawa. Wakikataa, waache wachome, na wewe usishindane nao. Shule haiwezi kuwa na mfanyakazi ambaye wazazi wanasema analeta mashetani."

"Kwa hivyo na mimi ninaenda?"

"Ningekuwa wewe ningeanza kufunga mzigo."

Nilikuwa na mke na watoto wadogo katika nyumba ya shule. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyojisikia. Nilienda nikasimama mbele ya yule mnyama, nikamwambia kwa Kijaluo, "Umeniponza."

Siku ya mkutano walijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma, kama kanisani. Mzee Koske alikuja na jerikeni la mafuta ya taa, akaliweka chini ya meza ya mwalimu kwa adabu, kama mtu aliyeleta zawadi. Nikaanza kueleza. Vijana, nilieleza vibaya! Nikasema mamilioni ya miaka, nikaona nyuso zimefungwa. Nikasema jamaa wa mijusi, mtu akasema "Si mmesikia? Amekubali mwenyewe ni nyoka."

Mzee Koske akasimama. "Pwana Maapara, hatuna ukomvi na wewe. Lakini Piplia inasema juu ya nyoka wa kale. Sisi hatutaki apate chumba katika shule ya watoto wetu. Tumtoe, tumchome, tuombe, mambo yaishe."

Wanaume wakasema naam. Wawili wakasogea ukutani kumshusha.

Hapo ndipo nikasikia mtu anasukuma watu kutoka nyuma. Alikuwa mama mzee, mdogo wa umbo, sweta ya buluu na kitambaa kichwani. Sikuwa nimemjua kwa sura. Alifika mpaka mbele, akamtazama mnyama kuanzia mdomo, akaenda naye polepole hadi nyonga. Akasimama. Akapeleka mkono, akagusa kile kichwa kidogo kilichokuwa ndani, akafuata uti wa mgongo mpaka mkia uliotoka nje.

"Ooi," akasema. "Huyu anazaa."

Wale wawili wa ukutani wakashusha mikono.

"Huyu ni mama. Anazaa, na mtoto amekuja kinyume." Akageuka. "Na nyinyi wanaume mnaangalia nini?"

Sasa ninyi wa siku hizi mnaingia na wake zenu hospitalini mkiwa mmevaa kofia za kijani, hamwezi kuelewa. Wakati ule, kwa Wakipsigis na hata kwetu ziwani, mwanamume hakai mahali mama anajifungua. Hakai, haangalii, haulizi. Anaenda kwa ng'ombe mpaka aitwe.

"Kogo Rael," Mzee Koske akasema, na ndipo nikajua ni nani, "hii ni plasta tu."

"Kama ni plasta tu, ile mafuta ya taa ni ya nini?"

Wanawake wakaguna kwa nyuma.

"Tokeni nje," Kogo akasema. "Wote."

Walitoka, jamani! Wanaume wenye makoti, wenye fimbo, mmoja baada ya mwingine, macho chini, wakipishana mlangoni. Mzee Koske akatoka wa mwisho na jerikeni lake. Mimi nikabaki nimesimama kando ya mnyama wangu.

"Na wewe?" Kogo akaniuliza.

"Mimi ndiye mwenye maabara, Kogo."

"Wewe si mwanamume?"

"Ni mwanamume."

"Toka."

Nikatolewa katika maabara yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa na ufunguo wa stoo, na kati ya stoo na maabara kulikuwa na kidirisha cha mbao cha kupitishia vifaa. Nikazunguka nikaingia stoo nikasimama kando ya kidirisha, kimefungwa. Sikuangalia. Kusikiliza tu.

Wanawake walikuwa wamemkaribia mnyama. Walisema kwa Kikipsigis, na kwa miaka yangu huku nilikuwa nashika mengi. Mmoja alisema maskini. Mwingine alisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hata kama mzazi ni mnyama. Wakaanza kusimulia zao: nani alikaa siku ngapi kwenye uchungu, nani alipoteza pacha, ndama wa nani alivutwa kwa kamba. Nikaona sasa tumepona. Walikuwa wamemhurumia. Hakuna mama pale angewasha kiberiti.

Halafu kidirisha kikagongwa.

"Bwana Maabara, uko hapo?"

"Niko, Kogo."

"Nilijua." Akapaza sauti. "Huyu mama aliuawa na mtoto kuja kinyume, si ndiyo? Sema wasikie."

Vijana, ningesema ndiyo. Neno moja tu. Wanawake wangeridhika, mnyama angebaki, na mimi ningefungua mzigo wangu. Na kila mtu pale alikuwa anafikiri hivyo kwa sababu ndivyo wanavyojua: ndama hutanguliza miguu ya mbele na pua, mtoto hutanguliza kichwa, kinyume ni kifo. Lakini nilimsikia Madam Chebet masikioni, aliyekuwa maili nyingi kutoka pale akinyonyesha. Mfupa umekwambia, au umejiambia mwenyewe?

"Hapana, Kogo," nikasema. "Hakuja kinyume."

Minong'ono ikaanza. Nikaendelea kabla sijaogopa. "Huyu anazaa ndani ya maji, na anapumua hewa kama sisi. Kichwa kikitangulia na uchungu ukichelewa, mtoto anakunywa maji anakufa. Kwa hivyo mkia hutangulia, kichwa hutoka mwisho, halafu mtoto anapanda juu kuvuta pumzi. Kwa wao hiyo ndiyo njia nzuri."

Kogo akagonga mbao tena.

"Kwa hivyo mtoto alikuja vizuri."

"Alikuja vizuri, Kogo."

"Na mkunga wake alifanya nini?"

"Hawana mkunga. Baharini kila mmoja huzaa peke yake."

"Hakuguswa na mikono ya mtu?"

"Hakuguswa."

"Na bado alikufa."

"Na bado alikufa."

Nilisikia pumzi yake upande ule wa mbao. "Aliuawa na nini sasa?"

"Hatujui. Mifupa haisemi. Kuna watu wamesoma wanyama hawa maisha yao yote, na hawajui."

"Hata hao wazungu?"

"Hata hao."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Halafu nikasikia akiyarudia yale maneno kwa Kikipsigis, moja moja, kwa sauti, ili wanawake wote wasikie: mtoto alikuja vizuri, hakuna mkono uliomgusa, na bado mama alikufa. Mama mmoja akaanza kulia, na kwa sauti nilijua si Kogo.

Mlango ukafunguliwa. Nikatoka stoo mbio nikasimama na wanaume chini ya upenu, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Mzee Koske akauliza wameamua nini.

"Huyu hachomwi," Kogo Rael akasema. "Hakukosa kitu. Alikufa tu. Wakati mwingine mama anakufa tu." Aliyasema haya akiwatazama wanawake wa Sigor waliotoka nyuma yake, na wao ndio walioangalia chini.

"Lakini Kogo, na yale mambo ya nyoka..."

"Koske, mimi ndiye nilikupokea wewe. Ulitoka na kelele hivyo hivyo. Nenda nyumbani, chai yako inalowa."

Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe mwishowe. Mwalimu mkuu akanipita, na mlangoni akageuka akaniambia nisisahau kupanga stuli, na hapo nikajua nina kazi.

Wakaondoka. Kogo Rael akabaki, akauliza kama kuna maji. Nikamfungulia bomba la maabara nikampa kipande cha sabuni. Akanawa mikono hadi viwikoni, taratibu, akaikung'uta, akaiangalia pande zote mbili. Nikamuuliza kama nimwitie Chepkirui darasani amsalimie.

"Muache asome," akasema. "Mwambie tu kuna jirani yetu atajifungua karibuni. Aliniomba nimpokelee mtoto, nikamkatalia. Mwambie nimekubali."